Franz Stuhlmann na Mimea ya Kudumu ya Bukoba

Mimea ya msimu na mimea ya kudumu

Ingia katika kibanja chochote cha Bukoba au Muleba wakati wa asubuhi, nawe utazame vizuri. Juu ya kichwa chako majani mapana ya migomba yamezuia jua. Chini ya miguu yako nyasi na majani makavu yamefunika ardhi, hata udongo hauonekani. Kati ya migomba imesimama mibuni. Nani alikipanda kibanja hicho? Ukimwuliza babu yako, huenda akakueleza kwamba alikirithi kwa baba yake, na kwamba baba yake naye alikirithi kwa wazee waliomtangulia.

Hilo ni jambo la kustaajabisha. Mhindi huishi miezi michache tu. Ukishazaa, hukauka na kufa, na mkulima hana budi kupanda mbegu upya. Mharagwe nao ni vivyo hivyo. Mimea ya namna hiyo huitwa mimea ya msimu. Lakini mbuni huzaa mwaka baada ya mwaka, na shina la migomba hutoa mikungu kwa miaka mingi mahali pale pale. Mimea ya namna hii huitwa mimea ya kudumu.

Katika sura hii utasoma maisha ya mwanasayansi mmoja aliyefika Bukoba mwaka 1890, akaiona mimea hiyo na kuandika habari zake. Jina lake ni Franz Stuhlmann. Unaposoma, jiulize swali hili: katika Bukoba ya siku zile, nani alikuwa mwalimu, na nani alikuwa mwanafunzi?

Utoto na masomo yake

Franz Stuhlmann alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1863 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Hamburg ni mji wa bandari. Meli kutoka pande zote za dunia zilileta huko kahawa, viungo, pembe na ngozi. Stuhlmann alisoma sayansi ya viumbe katika vyuo vikuu vya Ujerumani, na hasa alijifunza habari za wanyama. Mwaka 1888, akiwa bado kijana wa miaka 24, alifika Unguja kuchunguza viumbe wa nchi za joto. Kutoka huko alisafiri pia hadi Msumbiji.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wakiiteka nchi yetu. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walipigana nao katika miaka ya 1888 na 1889. Usisahau jambo hili. Stuhlmann alikuwa mtaalamu hodari, lakini hakuja hapa kama mgeni aliyealikwa. Aliingia katika jeshi la Wajerumani, na elimu yake ilitumika kuwasaidia watawala wa kikoloni kuijua nchi waliyotaka kuitawala.

Safari ya kwenda Bukoba

Mwezi wa Aprili 1890 msafara mkubwa uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Kiongozi wake alikuwa Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa sehemu ya kusini ya Sudani. Stuhlmann alikuwa mtaalamu wa msafara huo. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani, kupima urefu wa milima, na kukusanya wanyama na mimea.

Mizigo yote ilichukuliwa na wapagazi, kwa kuwa hapakuwa na reli wala barabara za magari. Wapagazi walibeba vitambaa, risasi, chakula, na pia karatasi za kukaushia mimea. Majani yaliyochumwa yalipangwa kati ya karatasi, yakagandamizwa kwa vitu vizito, na karatasi zikabadilishwa mpaka yakakauka kabisa. Fikiri jinsi ilivyokuwa taabu kuyalinda majani hayo na mvua, mchwa na maji ya mito. Wapagazi wale ndio waliofanya kazi hiyo nzito, lakini majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya sayansi.

Msafara ulipita Tabora, ukafika Ziwa Viktoria. Mwezi wa Novemba 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa. Kituo hicho ndicho chanzo cha mji wa Bukoba.

Alichokikuta Bukoba

Stuhlmann alikuta nchi yenye vilima, mvua nyingi na vijiji vilivyofichika ndani ya migomba. Huko Bukoba mvua ya mwaka mmoja hufika takriban milimita 2,000. Mvua hiyo nyingi husaidia mimea, lakini pia huosha chakula cha mimea kilichomo ardhini. Kwa sababu hiyo ardhi ya mbuga za nyasi, ambazo kwa Kihaya huitwa rweya, ni dhaifu. Ukipanda mgomba rweyani bila kuitengeneza ardhi kwanza, mgomba huo utadumaa.

Basi, imekuwaje kibanja kiwe na rutuba, na rweya iliyo karibu nacho isiwe nayo? Jibu ni kazi ya watu. Kwa vizazi vingi Wahaya walikata nyasi rweyani wakazitandaza vibanjani. Walichukua samadi ya ng'ombe, majivu na mabaki ya jikoni, wakavitia kwenye mashina ya migomba. Nyasi na samadi vilioza, vikageuka kuwa chakula cha mimea. Rutuba ya kibanja ilijengwa kwa mikono, kidogo kidogo, kama nyumba inavyojengwa.

Stuhlmann aliandika habari za migomba na kahawa ya nchi hii katika kitabu kikubwa alichokitoa Berlin mwaka 1894. Sasa nasi tuitazame mimea hiyo mmoja mmoja.

Mgomba

Watu wengi huuita mgomba mti, lakini mgomba si mti. Kata kipande cha mgomba uliokwisha kuvunwa, utaona kwamba kile tunachokiita shina ni makuti ya majani yaliyozungukana na kubanana. Shina la kweli limo ndani ya ardhi. Ni nene na gumu, nalo huitwa tunguu. Kutoka katika tunguu hutokea mizizi kwa chini, majani kwa juu, na machipukizi kwa pembeni.

Kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Lakini kabla haujafa, chipukizi huwa limekwisha kuota kando yake, na chipukizi jingine dogo huanza kuota baada ya hilo. Hivyo katika shina moja huwamo mama, binti na mjukuu. Mama akivunwa, binti hushika nafasi yake. Ndiyo sababu kibanja huweza kudumu kuliko mtu aliyekipanda.

Wahaya walichagua aina nyingi za migomba kwa matumizi mbalimbali. Nshakala, Enyoya na Enchoncho ni za kupika. Embile hutumika kutengenezea rubisi. Gonja huchomwa au kupikwa. Kupanda aina nyingi pamoja ni jambo la busara: aina moja ikishambuliwa na wadudu au ikishindwa na ukame, nyingine huweza kustahimili.

Mbuni

Kahawa ya Bukoba haikuletwa na Wazungu. Wahaya waliijua kahawa muda mrefu kabla ya mwaka 1890. Walichuma buni mbichi, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna. Mgeni alipofika nyumbani alikaribishwa kwa buni hizo. Hata watu wawili walipotaka kuwa ndugu kwa kuchanjiana, walitumia mbegu mbili zilizomo katika tunda moja la kahawa. Mbuni ulikuwa mmea wa heshima, na watawala walizuia watu kuupanda bila ruhusa.

Baadaye mtaalamu wa mimea aitwaye Albrecht Zimmermann aliipa kahawa hiyo jina la kisayansi la Coffea bukobensis, yaani kahawa ya Bukoba. Wataalamu waliofuata waligundua kwamba ni ya jamii moja na ile iitwayo Coffea canephora, ambayo sisi huiita Robusta. Robusta hustahimili joto na maradhi kuliko kahawa ya Arabika, na hukua vizuri katika nchi za chini zenye mvua. Jambo moja la kukumbuka ni hili: ua la Robusta haliwezi kuzaa kwa chavua ya mbuni ule ule. Huhitaji chavua ya mbuni mwingine, iletwayo na upepo au wadudu. Kwa hiyo mbuni wa Robusta uliopandwa peke yake hauzai vizuri.

Mulamula

Pembeni mwa kibanja utaona mmea mrefu wenye majani membamba yanayoning'inia. Kwa Kihaya huitwa omulamula. Huu ni mmea mstahimilivu sana. Ukikata kipande cha shina lake na kukichomeka ardhini, huota mizizi. Hauhitaji samadi wala maji ya kumwagiliwa. Wazee waliuchagua uwe alama ya mpaka, kwa kuwa hauondoki upesi mahali ulipopandwa. Jina lake lina maana ya kuamua shauri. Majirani wakigombania mpaka, mmea huo huwaamua.

Ng'ombe wanapokufa

Katika miaka ile ile ya 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika ya Mashariki. Sotoka iliua ng'ombe wengi mno, na wafugaji waliokuwa matajiri waliamka maskini. Katika nchi ya vibanja msiba huo ulikuwa na uzito wake wa pekee, maana ng'ombe ndiye aliyeleta samadi, na pasipo samadi rutuba ya kibanja hupungua.

Hapo unajifunza kanuni moja ya sayansi. Mmea wa kudumu hula kutoka mahali pale pale kila mwaka. Kila mkungu unaoondolewa kibanjani huondoka na sehemu ya chakula kilichokuwa ardhini. Tusiporudisha chochote, mmea hudhoofika polepole, na mikungu huwa midogo mwaka hadi mwaka. Kustahimili si kuishi bila kutunzwa.

Mimea ya mlima wa baridi

Mwezi wa Februari 1891 msafara uliondoka Bukoba kuelekea magharibi. Mwezi wa Juni mwaka huo Stuhlmann aliupanda mlima Ruwenzori, ulio mpakani mwa Uganda na Kongo, hata akafika urefu wa meta 4,000 hivi. Alipokuwa akipanda, aliona kwamba mimea ilibadilika kwa kufuata urefu wa mlima. Chini palikuwa na mashamba na msitu. Juu yake mianzi. Juu zaidi vichaka vya baridi. Na juu kabisa mimea mikubwa ya ajabu isiyoonekana nchi za chini.

Mmoja wa mimea hiyo ni lobelia, na aina moja ya lobelia ya Ruwenzori ilipewa jina la Stuhlmann. Mwingine ni senesio, ambao hukua mrefu kuliko mtu. Huko juu usiku ni baridi kali hata maji huganda, na mchana jua huwaka. Senesio hustahimilije? Majani yake makavu hayaanguki. Hubaki yamelifunika shina kama blanketi, na kulikinga na baridi ya usiku.

Sasa linganisha. Senesio hujifunika kwa majani yake makavu ili baridi isiuue. Mkulima wa Kamachumu au Maruku huifunika ardhi ya kibanja kwa majani makavu ili jua lisiikaushe, mvua isiiondoe, na magugu yasiote. Ingawa sababu si zile zile, funzo ni moja: kilichokauka hulinda kilicho hai.

Ndui na kurudi pwani

Mwisho wa mwaka 1891 msafara ulipatwa na ndui. Watu wengi waliugua na kufa njiani. Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kudhoofika, alimwamuru Stuhlmann awachukue watu wazima wa afya na kurudi nao. Yeye mwenyewe alibaki na wagonjwa. Stuhlmann alitii. Mapema mwaka 1892 alifika tena Bukoba, na mwezi wa Julai akafika Bagamoyo akiwa na ramani, madaftari na mikusanyo yake. Emin Pasha hakurudi. Aliuawa huko Kongo mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Kazi yake huko Amani

Baadaye Stuhlmann alishika vyeo vya juu katika serikali ya kikoloni, akishughulikia kilimo na upimaji wa ardhi. Mwaka 1902 kituo cha utafiti wa viumbe na kilimo kilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Huko ilipandwa mimea ya kudumu kutoka sehemu nyingi za dunia: mikwinini ambayo magome yake hutoa dawa ya malaria, miti ya mpira, miti ya mbao, viungo na kahawa. Wataalamu walitazama ni mimea gani ingestahimili hali ya hewa ya hapa, na ni ipi ingeshindwa. Kazi ya namna hii huitwa majaribio. Hata leo ukifika Amani utaona miti mikubwa iliyopandwa nyakati zile.

Lakini serikali ile ile aliyoitumikia Stuhlmann iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba kwa ajili ya biashara ya Wajerumani. Watu walitolewa mashambani mwao, chakula kikapungua, na ujira ukawa mdogo. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hapa nawe upime: elimu ya mimea ni kitu chema, lakini ikitumiwa bila kumsikiliza mkulima huweza kuleta njaa na vita.

Stuhlmann aliondoka Amani mwaka 1908. Mwaka 1909 alitoa kitabu kingine kikubwa juu ya asili ya mimea na mifugo ya Afrika ya Mashariki. Humo alichunguza kila zao lilitoka wapi. Leo twajua kwamba migomba ya kwanza ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba kahawa ya Robusta ni mmea wa asili wa Afrika. Wakulima wa Kagera waliupokea mmea wa mbali na kuukutanisha na mmea wa kwao katika kibanja kimoja.

Franz Stuhlmann alifariki Hamburg tarehe 19 Novemba 1928, akiwa na umri wa miaka 65.

Kilichoungua na kilichobaki

Mimea kadhaa ina jina la Stuhlmann hadi leo. Mojawapo ni Millettia stuhlmannii, mti wa mbao ngumu wa kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Nyingi ya sampuli za mimea zilizokusanywa katika nchi yetu nyakati za Wajerumani zilihifadhiwa katika jumba la mimea huko Berlin. Mwezi wa Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jumba hilo lilipigwa kwa mabomu. Sehemu kubwa ya sampuli zilizokuwamo iliteketea kwa moto.

Lakini vibanja vya Bukoba na Muleba havikuungua. Nshakala inaendelea kuota, chipukizi baada ya chipukizi, kwa sababu watu waliendelea kuichagua, kuipanda na kuitunza. Elimu iliyoandikwa ni muhimu, na bila vitabu vya Stuhlmann tusingejua mambo mengi ya zamani. Hata hivyo wazee waliomwonyesha mimea yao nao walikuwa na elimu, ingawa hawakuiandika. Ukilijua jambo hili, umekwisha kulijibu swali tulilouliza mwanzoni mwa sura.

Namna ya kuchagua na kutunza mimea ya kudumu

Mmea wa msimu ukiuchagua vibaya, utapata hasara ya msimu mmoja. Mmea wa kudumu ukiuchagua vibaya, utakaa na kosa lako miaka mingi. Kwa hiyo fuata hatua hizi katika bustani ya shule au nyumbani:

(a) Jua mahali pako kwanza. Tazama udongo, mvua, jua na upepo. Chagua mmea unaostahimili hali ya mahali hapo. Usichague kwa kuvutiwa na sura yake tu.

(b) Chagua chipukizi lenye afya. Chipukizi bora la mgomba lina tunguu nene na majani membamba kama upanga. Chipukizi lenye majani mapana lingali dogo huwa dhaifu. Usichukue chipukizi kutoka katika kibanja chenye ugonjwa.

(c) Safisha chipukizi kabla ya kulipanda. Mwombe mtu mzima amenye maganda ya tunguu mpaka lionekane jeupe. Hivyo mayai na viluwiluwi vya fukusi wa migomba huondolewa. Sehemu yenye matundu au weusi ikatwe; ikiwa matundu ni mengi, chipukizi lote litupwe.

(d) Chimba shimo mapema. Shimo la mgomba liwe na upana na kina cha sentimeta 60 hivi. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Kati ya shimo na shimo acha meta 3, ili mimea isigombanie mwanga na chakula.

(e) Funika ardhi kwa nyasi kavu, lakini usizirundike kwenye shina lenyewe. Acha nafasi ya hatua moja, kwa maana fukusi hupenda kujificha penye unyevu na giza.

(f) Punguza na pogoa. Katika shina la mgomba acha mama, binti na mjukuu tu. Katika mbuni ondoa matawi makavu na machipukizi yasiyotakiwa. Mbuni uliozeeka hukatwa karibu na ardhi ili uchipue upya.

(g) Rudisha kilichotoka. Kila mwaka tia samadi au mboji.

Adui wa siku zetu

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria ulionekana katika migomba ya Muleba, kisha ukaenea wilaya nyingine za Kagera. Wakulima wengi huuita unyanjano. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukikata mgomba utaona ute wa rangi ya maziwa uliochanganyika na manjano. Familia zilizotegemea kibanja kimoja zilijikuta hazina chakula. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa.

Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na pia na visu na mapanga yanayopita kutoka mgomba hadi mgomba. Kwa hiyo ua dume livunjwe kwa mti wenye panda mara tu tana la mwisho linapotokea. Lisikatwe kwa kisu. Panga lililotumika lichomwe moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ukiona dalili, mwarifu mzazi wako au afisa kilimo upesi.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 aina mpya za migomba zilisambazwa Kagera, kama FHIA 17 iliyozalishwa Honduras, na Yangambi Km5 kutoka Kongo. Zinastahimili baadhi ya wadudu na maradhi, ila unyanjano huweza kuziua pia. Nao watafiti wa Maruku, karibu na Bukoba, huchunguza migomba na kahawa. Lakini mtafiti hawezi kufika kila kibanja kila siku. Wewe unaweza. Macho yako, yakizoea kutazama, yatauona ugonjwa siku ya kwanza, wakati bado kuna nafasi ya kukiokoa kibanja.

Maswali

1. Taja tofauti moja kati ya mmea wa msimu na mmea wa kudumu. Toa mifano miwili ya kila aina.
2. Shina la kweli la mgomba liko wapi? Huitwaje?
3. Kwa nini ardhi ya kibanja ina rutuba kuliko ardhi ya rweya?
4. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe. Eleza jinsi vifo hivyo vilivyoweza kudhuru migomba.
5. Kwa nini ua dume la mgomba lisikatwe kwa kisu?
6. Je, ni haki kusema kwamba Stuhlmann ndiye aliyeigundua kahawa ya Bukoba? Eleza jibu lako.

Kazi ya kufanya

1. Chagueni vipande viwili vya ardhi vilivyo sawa katika bustani ya shule. Kimoja kifunikeni kwa nyasi kavu, kingine kiacheni wazi. Mwagieni maji kiasi kile kile. Baada ya siku nne, chimbeni sentimeta 10 katika kila kipande. Ni udongo upi ulio na unyevu zaidi? Andikeni mlichokiona.

2. Nenda kwa babu, bibi au mzee mwingine wa kijijini. Mwombe akutajie majina ya aina zote za migomba anazozijua, na matumizi ya kila moja. Yaandike katika daftari lako pamoja na jina la mzee aliyekufundisha.